Wali Kikombe Kimoja ni Gramu Ngapi?

Mgonjwa wa kisukari anaambiwa kliniki asizidishe kikombe kimoja cha wali kwa mlo. Akifika nyumbani anafungua programu ya simu ya kuhesabu chakula, nayo inamtaka aandike gramu. Mchele wenyewe aliununua kwa kilo, na mezani wali unapakuliwa kwa upawa. Chakula ni kimoja, vipimo ni vinne, na hakuna aliyemwonyesha njia ya kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Mama lishe ana swali hilohilo anapopanga bei ya sahani. Mpishi wa shughuli analo pia anapoulizwa kama kilo kumi zitatosha, na masufuria mangapi yaletwe.

Jibu la haraka lipo. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo programu nyingi za simu hulitegemea, kikombe kimoja cha wali mweupe wa punje ndefu kina gramu 158. Namba hiyo ni sahihi kwa wali uliopimwa na waliotengeneza jedwali. Anayeibeba na kuitumia kwa kila sufuria anaweza kukosea kwa karibu nusu nzima, na kwa mtu anayechoma insulini kosa la kiasi hicho si dogo.

Wali ni vitu vitatu: mchele, maji na hewa. Mizani hupima mchele pamoja na maji. Kikombe hupima mchele, maji na hewa kwa mkupuo. Lakini kinachotushibisha na kupandisha sukari mwilini ni mchele peke yake. Kwa sababu hiyo, njia ya kuaminika kati ya gramu za wali na vikombe vya wali hupitia kwenye mchele mkavu, na anayeijua njia hiyo hana haja ya kukariri namba ya mtu mwingine.

Kinachotokea sufuriani

Tuanze na mchele ukiwa bado dukani. Hata ukionekana mkavu kabisa, takriban asilimia 12 ya uzito wake ni maji. Kilo moja, basi, ina gramu 120 za maji na gramu 880 za chakula kikavu, sehemu kubwa yake ikiwa ni wanga. Ukipika kilo hiyo, zile gramu 880 hazizidi. Kinachoongezeka ni maji tu.

Hesabu ya maji haina siri yoyote, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukitia lita mbili kwenye kilo moja ya mchele, sufuriani kuna kilo tatu. Moto ukishakolea, mvuke unatoka na kupunguza uzito huo. Wali ukiiva na kukauka, hakuna maji yanayobaki chini: yote yameingia kwenye punje au yamekwenda na mvuke. Uzito wa wali ni uzito wa mchele, ujumlishe maji uliyotia, utoe mvuke. Ndiyo maana kilo moja ya mchele wa punje ndefu hutoa mara nyingi kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu za wali.

Mvuke nao una tabia zake. Sufuria yenye mfuniko unaobana hupoteza maji machache kuliko iliyofunikwa kwa sinia lisiloenea. Sufuria ndogo, yenye nusu kilo tu, hupoteza sehemu kubwa zaidi ya maji yake kuliko sufuria kubwa ya shughuli. Hii ndiyo sababu mpishi aliyezoea kupikia familia, akipewa kilo ishirini na kuzidisha maji kwa uwiano uleule wa nyumbani, hujikuta na wali uliorojeka. Mchele ameuzidisha sawasawa, lakini mvuke haukuongezeka kwa kiasi hicho.

Kuoshwa kwa mchele nako kunahesabika. Mchele uliooshwa na kuchujwa tayari umebeba maji kwenye punje na katikati ya punje. Anayetaka kupima uzito na apime kabla ya kuosha, la sivyo atakuwa ameyahesabu maji kama mchele.

Majedwali mawili, wali mmoja

Ushahidi mzuri wa nguvu ya maji unapatikana kwa kulinganisha majedwali ya nchi mbili. Jedwali la Marekani linasema gramu 100 za wali mweupe wa punje ndefu zina kalori 130 na wanga takriban gramu 28. Jedwali rasmi la Japani linasema gramu 100 za wali mweupe zina kalori 156 na wanga gramu 37. Msomaji anaweza kudhani kwamba mchele wa Japani una nguvu zaidi, au kwamba jedwali mojawapo limekosewa. Hakuna kosa popote.

Tazama maji. Wali wa jedwali la Marekani ni maji kwa asilimia 68 hivi. Wa Japani ni asilimia 60. Wajapani hupika mchele wa punje fupi kwa maji machache. Kipimo chao cha mchele cha mililita 180, chenye gramu 150 za mchele, hutoa takriban gramu 330 za wali, yaani mara mbili na kidogo tu. Sasa chukua zile gramu 880 za chakula kikavu kwenye kilo moja. Zikiwa ndani ya wali wenye maji asilimia 68, wali huo una uzito wa kilo 2.75. Zikiwa ndani ya wali wenye maji asilimia 60, uzito ni kilo 2.2. Chakula ni kilekile, na tofauti ya zaidi ya nusu kilo ni maji matupu.

Kwa hiyo mtu anayepima gramu 200 za wali kwa mizani nzuri ya dijitali, kisha akachukua namba kutoka jedwali lolote lililo karibu, bado hajajua amekula nini. Mizani haikumdanganya, ila amepima maji ya sufuria yake na kuyahesabu kwa maji ya sufuria ya nchi nyingine.

Lipo pia kosa kubwa zaidi kuliko hilo, nalo ni kuchanganya mchele na wali. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori zipatazo 365 na wanga gramu 80. Namba hizo zikitumiwa kwa wali, hesabu huzidi karibu mara tatu. Katika programu za Kiingereza chakula hiki huitwa kwa jina moja kabla na baada ya kupikwa, kwa hiyo msomaji atazame kwanza kama kilichoandikwa ni kibichi au kilichopikwa, ndipo asome namba.

Hewa ndani ya kikombe

Tukija kwenye kikombe, tunaongeza hewa. Lita moja ya mchele mkavu ina uzito wa gramu 780 hivi. Lita moja ya wali wa punje ndefu uliochambuka ina gramu 670. Unaona kwamba wali ni mwepesi kwa lita kuliko mchele wake, ijapokuwa umekunywa maji mengi. Sababu ni kwamba punje kavu ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule, nayo ikishiba maji uzito wake hukaribia wa maji. Katikati ya punje kuna nafasi. Kwenye kikombe cha wali uliochambuka, zaidi ya theluthi moja ya ujazo ni hewa.

Hewa hiyo ndiyo inayofanya kikombe kiwe kipimo chenye kuyumba. Ukichota wali uliotoka kuchambuliwa kwa uma, ukaumimina kwenye kikombe bila kuugusa, utapata uzito mmoja. Ukiukandamiza kwa mgongo wa kijiko, kikombe kilekile kitameza wali zaidi, maana unachotoa ni hewa tu. Watu wa Pwani walilijua jambo hili zamani. Walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikawa na kilele. Muuzaji na mnunuzi waliambiana mapema ni kibaba kipi, kwa sababu kipimo cha ujazo hakikamiliki mpaka namna ya kukijaza nayo itajwe.

Ugumu wa kuhamisha ujazo kuwa uzito hurudi tena kila mwisho wa Ramadhani. Zakatul fitri hutolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, na pishi hiyo asili yake ni kipimo cha ujazo. Wauzaji wa leo wanauza kwa kilo, kwa hiyo pishi inabidi itafsiriwe kwa uzito. Makadirio huanzia kilo mbili na kitu hadi kilo tatu, na huku kwetu kilo mbili na nusu ndiyo hutajwa sana. Kutofautiana huko hakutokani na uzembe. Pishi ya tende, ya ngano na ya mchele zina uzito tofauti, na hata michele miwili haijai kwa namna moja. Ikiwa nafaka kavu, isiyoongezwa tone la maji, ina mwanya wa namna hiyo, wali uliokwisha kupikwa utakuwa na mwanya mpana zaidi.

Kikombe kipi hasa?

Kabla ya kubishana kuhusu gramu za kikombe, ni lazima tujue kikombe chenyewe. Kikombe cha mapishi cha Marekani kina takriban mililita 240. Kikombe cha metriki, kinachotumika kwenye vitabu vya mapishi vya nchi kama Australia, kina mililita 250. Kikombe kidogo kinachokuja na sufuria ya umeme ya kupikia wali ni cha Kijapani, chenye mililita 180, na mistari iliyochorwa ndani ya sufuria hiyo imewekwa kwa kukifuata. Anayepima mchele kwa kikombe cha mililita 250 kisha akajaza maji kwa mistari hiyo atapata wali mgumu, na kosa si la sufuria. Vikombe vya chai vya majumbani ndiyo kabisa: vipo vya mililita 200, na vipo vikubwa vya 300 na zaidi.

Kukijua kikombe chako ni kazi ya dakika moja. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, umimine. Ikijaza vikombe viwili kamili, kikombe chako ni cha mililita 250. Kama una mizani, pima maji yanayojaza kikombe: gramu zake ndizo mililita zake.

Tuyaweke haya pamoja kwa yule mgonjwa wa kisukari. Kikombe alichokusudia mshauri wake, tuseme, ni kile cha jedwali, chenye gramu 158 za wali na wanga gramu 45. Nyumbani anatumia kikombe kikubwa cha chai cha mililita 300, na wali wake ni wa kushikana, ambao kwa lita una uzito wa gramu 790 hivi. Kikombe chake kinabeba gramu 237 za wali, na wanga gramu 68. Ametii maagizo, amekula kikombe kimoja, na bado amezidisha wanga gramu 23. Katika hesabu ya kisukari inayotumika sana, gramu 15 za wanga huhesabiwa kama fungu moja, sawa na theluthi ya kikombe cha wali. Mgonjwa huyu amepitiliza fungu moja na nusu bila kuongeza hata kijiko.

Mchele haufanani

Kwa nini wali mmoja uchambuke na mwingine ushikane? Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wenye amilosi nyingi hutoa punje zinazoachana. Wenye amilosi kidogo hutoa wali laini wa kunata. Katika jedwali la Marekani tofauti hiyo inaonekana wazi: kikombe cha wali wa punje ndefu kina gramu 158, cha punje ya wastani gramu 186. Kikombe ni kimoja, wote ni wali mweupe, na tofauti ni gramu 28.

Umri wa mchele nao una neno. Mchele mpya, uliotoka shambani karibuni, hutaka maji machache na hushikana upesi. Uliokaa ghalani hunywa maji zaidi, hujaa zaidi, na punje zake huachana. Basmati wa India na Pakistani huwekwa kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa, mara nyingi mwaka na zaidi, na ukipikwa punje yake hurefuka karibu maradufu. Pishori wa Mwea nchini Kenya ni wa ukoo huohuo wa basmati. Anayehama kutoka mchele mmoja kwenda mwingine, au hata kutoka gunia la mwaka jana kwenda la mavuno mapya, na apime upya.

Chenga zina tabia yake pia. Vipande vidogo hujipanga kwa kubanana na kuacha hewa kidogo, kwa hiyo kikombe cha wali wenye chenga nyingi huwa kizito kuliko cha punje nzima.

Kuipata namba ya sufuria yako

Sasa njia yenyewe, na tuifuate hatua kwa hatua. Pima sufuria tupu bila mfuniko. Tuseme ina gramu 620. Pima mchele mkavu kabla ya kuosha: gramu 500. Osha, pika kama unavyopika siku zote, kwa maji yaleyale na moto uleule. Wali ukishaiva, funua, acha mvuke mkali upungue, kisha pima sufuria pamoja na wali. Mizani inasoma gramu 1,970. Toa 620 za sufuria, unabaki na gramu 1,350 za wali.

Gawanya 1,350 kwa 500, unapata 2.7. Hiyo ndiyo namba ya sufuria yako. Kila gramu moja ya mchele kwako ni gramu 2.7 za wali. Ukitaka kwenda kinyume, gawanya: sahani yenye gramu 270 za wali ina gramu 100 za mchele, na kwa hiyo wanga gramu 80. Ukoko usiuache nje ya hesabu. Pima sufuria ukiwa bado umo, maana nao ulikuwa mchele.

Kisha tafuta namba ya kikombe. Chambua wali, mimina kwenye kikombe unachokitumia siku zote, sawazisha mdomo bila kukandamiza, upime. Kikitoka gramu 167 kwa mililita 250, umepata namba ya pili. Namba hizi mbili, moja ya maji na moja ya hewa, ndizo zinazofungua milango yote: kilo za mchele kuwa kilo za wali, kilo za wali kuwa vikombe, na vikombe kurudi kuwa mchele.

Pilau na wali wa nazi hupimwa kwa njia hiyohiyo, ila kwa uangalifu zaidi. Tui lina maji, lakini pia lina mafuta. Pilau ina mafuta, vitunguu na nyama. Uzito wa mwisho haugawanywi tena kati ya mchele na maji peke yake, na kalori za jedwali la wali mweupe hazifai hapo. Orodhesha kila ulichotia, pima sufuria nzima mwishoni, kisha ugawe kwa sehemu.

Asiye na mizani

Nyumba nyingi hazina mizani ya jikoni, na ukosefu huo haumzuii mtu kuhesabu. Duka limeshakupimia. Nunua nusu kilo, ipike yote, kisha pakua yote kwa bakuli moja, uwe unalisawazisha namna moja kila mara, na uhesabu mabakuli. Yakitoka manane, gramu 500 gawanya kwa nane: kila bakuli lina gramu 62 na nusu za mchele, yaani wanga gramu 50.

Hapo hatukuhitaji uzito wa wali wala ujazo wa bakuli. Maji yawe mengi au machache, hewa iwe nyingi au kidogo, idadi ya mabakuli imeshayajumuisha yote. Mgonjwa wa kisukari akiliteua bakuli lake na kulitumia kila siku kwa mchele uleule, ana kipimo cha kutegemewa kuliko programu yoyote ya simu.

Mama lishe anafaidika vilevile. Kilo moja ikimpa kilo 2.7 za wali, na sahani yake inachukua gramu 350, anapata sahani saba na kiasi kinachobaki hakifiki sahani ya nane. Akipanga bei kwa kudhani anapata tisa, hasara imeshaingia kabla moto haujawashwa. Mpishi wa shughuli akihesabu kilo moja kwa watu wanane, kila mtu anapata gramu 125 za mchele, ambazo ni gramu 340 hivi za wali, vikombe viwili vya mililita 250. Na kilo kumi za mchele, zikiwa wali uliochambuka wenye uzito wa kilo 27, zitataka nafasi ya lita 40, yaani ndoo mbili za lita ishirini zilizojaa. Bora alijue hilo wakati wa kukodi masufuria, sio wakati mfuniko unainuka.

Wajibu wa wanaotushauri

Mzigo huu usiachiwe anayepika peke yake. Anayeandika mapishi ataje uzito wa mchele mkavu na mililita za maji, badala ya vikombe visivyo na ujazo. Mshauri wa lishe anayetaja kikombe cha wali ataje mililita zake, aseme kama kinasawazishwa au kinajazwa, na aongeze kiasi cha mchele mkavu kilichokusudiwa. Gramu 55 hadi 60 za mchele, zenye wanga wa gramu 45 hivi, ni maelekezo ambayo mama wa Kyela na mama wa Mwea wanaweza kuyafuata kwa usahihi uleule, kila mmoja kwa mchele wake na sufuria yake. Kikombe kimoja cha wali, bila maelezo zaidi, kitawapa milo miwili tofauti, na anayeilipia tofauti hiyo ni mgonjwa.